Kikombe cha Kumi na Tisa

Tak.
Saa nane na dakika tano za usiku, Mihang'o.
Pampu imeamka.
Moja, mbili, tatu, nne,
tak, imelala.
Sijamaliza kugeuza mto,
tak,
imeamka tena kama mama wa mtoto anayeota meno.

Ni Ekidor, mpangaji wa juu,
ametoka zamu ya mizigo uwanja wa ndege, anaoga.
Kuoga kwake kumoja: tak thelathini na nane.
Sina kinyongo na usafi wa mtu.
Lakini mita iko ukutani, inapepesa jicho jekundu,
na tokeni za mia tano, za juzi Jumatatu,
kisima kinazinywa kwa mrija.

Bwana Gichuhi wa ng'ambo ya ua alishatoa hukumu:
nunua pampu mpya, hiyo imezeeka.
Kwa Gichuhi kila kinachokohoa kimezeeka.
Alisema hivyo kuhusu gari langu,
na siku moja, akiwa ameshiba, kuhusu mimi.

Nikaanza na choo.
Chururu si ndo ndo ndo, ndivyo tulivyofunzwa,
ila ndo ndo ndo ya usiku kucha ina hesabu yake.
Nikakamulia bitiruti ndani ya tangi la choo,
nikangoja saa nzima bakuli liwe jekundu.
Likabaki jeupe.
Nikatoka nje, nikafunga koki kubwa ya nyumba,
nikakalia kreti ya soda mbele ya geji.
Mshale ulikuwa arobaini.
Nusu saa baadaye, arobaini,
wima kama bawabu wa benki.
Basi maji hayarudi kisimani kisirisiri,
wala bomba halivuji chini ya mahindi ya Gichuhi,
ingawa ningefurahi sana kosa liwe la mahindi yake.

Nikafungua koki. Nikachota kikombe kimoja.
Kimoja tu!
Mshale ukaporomoka hadi ishirini,
tak.

Ndipo nikaligonga tangi la presha kwa mwiko,
chini, kiunoni, kichwani:
du, du, du,
sauti ile ile, ya mtu aliyekula akapitiliza.
Juu yake kuna kichuchu, ndugu wa kile cha baiskeli.
Nikakibonyeza kwa msumari.
Ulipaswa kutoka upepo.
Nilitemewa maji ya jichoni.

Kitendawili, basi.
Nimejaa pomoni, na sina cha kukupa.

"Mpira wa ndani umepasuka," Fundi Kisilu akasema kwa simu,
nyuma yake mtu akikata chuma.
"Maji hayabanwi, mama. Upepo ndio hubanwa,
ndio husukuma. Sasa umekunywewa wote na maji.
Pampu haina pa kuegemea,
kila ukiita, inakuja yenyewe."

Kila ukiita, inakuja yenyewe.
Nilibaki na mwiko mkononi,
nikikumbuka makundi manne ya michango kwenye simu yangu,
na dada yangu wa Webuye anayepiga alfajiri
kuniuliza chumvi inauzwaje Nairobi.

Alhamisi Kisilu alizima stima kwanza,
akamwaga maji yote, akapigana na nati mbili za kutu,
akauvuta ule mpira: utumbo wa kondoo,
mpasuko wake mdogo kuliko kidole changu cha mwisho.
Ndio huo tu.
Akavisha mpya. Tukatia upepo kwa pampu ya baiskeli,
mimi nikisukuma, yeye akisoma:
kumi na tano, kumi na sita, polepole,
kumi na nane. "Acha hapo. Mbili chini ya ile ya kuamkia.
Ukizidisha, utakosa maji. Ukipunguza, utakosa usingizi."

Alipoondoka nikachukua kikombe changu cha chai,
nikasimama kwenye bomba la nje.
Kimoja, nikamwagia sukuma wiki.
Viwili. Vitano.
Simu ikalia mfukoni, nikaiacha ilie.
Kumi na viwili. Gichuhi akachungulia ukutani,
akadhani nimerukwa na akili.
Kumi na nane, kimya.
Kumi na tisa,

tak.